Kikundi chenu kimenunua pikapu kuukuu ya jeshi: pesa za matengenezo zianzie wapi?

Kila mavuno ya mahindi yanapokaribia, swali moja hurudi kwenye mikutano ya vikundi vya akiba na mikopo huko Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka II: kwa nini tuendelee kumlipa mwenye gari kwa kila gunia, wakati sanduku letu linaweza kununua gari letu wenyewe? Gari jipya halifikiki. Lililo karibu na uwezo wa kikundi ni pikapu ya dizeli iliyotumika, na wakati mwingine ni ile iliyotumikia jeshi, ikauzwa kwa mnada, ikapita kwa mnunuzi mmoja au wawili, na sasa imeegeshwa pembeni mwa gereji mjini ikisubiri mteja.

Makala haya ni kwa ajili ya kikundi ambacho tayari kimelipa, au kinakaribia kulipa. Gari linawaka, wanachama wamefurahi, lakini hakuna anayejua litakwama wapi. Tutatumia mfano wa pikapu inayojulikana sana katika ukanda wetu: Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, aina ya HZJ75 au HZJ79, yenye injini ya dizeli iitwayo 1HZ. Injini hiyo ilianza kutumika mwaka 1990. Ina silinda 6, ujazo wa sentimita 4,164, na haina turbo. Ni injini ya kizamani kwa maana nzuri: fundi mwenye spana, subira na uaminifu anaweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta. Kama lenu ni Land Rover au aina nyingine, mengi ya hapa yatawafaa, ila vipimo mvitafute kwenye kitabu cha gari lenu.

Jambo moja kabla ya spana. Msimalize sanduku kwenye kununua. Kwa maoni yetu, kikundi chenye pesa za kununua gari bila kubakiwa na angalau theluthi moja ya kulitengeneza hakijawa tayari, hata kama muuzaji anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho. Huyo mteja wa kesho yupo katika kila gereji.

Rangi na karatasi

Mtashangaa kuona matengenezo yakianza na rangi. Mfikirieni jirani yenu. Wengi wanaoishi katika makazi haya waliondoka kwao usiku, baada ya kusikia injini ya dizeli ikipanda kilima na kuona pikapu ya kijani yenye watu nyuma. Gari lenye umbo lile lile na rangi ile ile likiingia kijijini saa mbili usiku, watu hawataona magunia kwanza. Mtoto atakimbia, mzee hatalala. Kwa hiyo lipakeni rangi kabla halijalala usiku wa kwanza ndani ya makazi, hata ikiwa ni rangi ya bei nafuu ya kupaka kwa brashi. Nyeupe nayo ina usumbufu wake, kwa sababu watu watadhani ni gari la shirika na watalifuata wakiuliza habari za mgao. Chagueni rangi isiyomkumbusha mtu chochote.

Sheria nayo iko hapo hapo. Nchini Uganda raia haruhusiwi kuwa na vifaa vya jeshi bila idhini, na askari kwenye kizuizi hawezi kujua kwa kutazama tu kwamba gari lenu liliuzwa kihalali. Rangi ya kijeshi, namba za kikosi zilizobaki mlangoni, kitako cha bunduki kilichochomelewa kwenye bodi ya nyuma: vyote viondolewe. Mkibadilisha rangi, hakikisheni na rangi iliyoandikwa kwenye logibuku inabadilishwa, maana ni moja ya vitu ambavyo trafiki hulinganisha.

Na kabla fundi hajaanza kuchomelea chochote, toeni viti, mkeka wa sakafu na kila kisanduku cha vifaa, mtazame ndani. Risasi au kitu kingine cha kivita kilichosahaulika chini ya kiti si ukumbusho, wala si chuma chakavu cha kuuza. Msikiguse na msikitupe chooni. Watoeni watu hapo, halafu waiteni polisi.

Kuhusu karatasi, fuateni mnyororo wote: stakabadhi ya mnada, hati ya mauzo ya kila mtu aliyelimiliki baadaye, na logibuku. Namba iliyochongwa kwenye chesisi na namba ya injini zisomwe kwa macho, moja baada ya nyingine, zilinganishwe na zilizoandikwa. Namba iliyosagwa au iliyochomelewa juu ni sababu ya kuondoka na pesa zenu.

Gari liandikwe kwa jina la nani? Hapa ndipo vikundi vingi hukosana. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mkimbizi kuwa na haki kuhusu mali inayohamishika na isiyohamishika, kwa kiwango wanachopewa wageni wengine walio katika hali kama yake. Kwa hiyo si kweli kwamba mkimbizi hawezi kumiliki gari, ingawa mtausikia uvumi huo sokoni. Njia ya mkato inayopendwa ni kuliandika kwa jina la mwanachama mmoja wa jamii mwenyeji kwa kuwa ana kitambulisho cha taifa. Anaweza kuwa mtu mwema sana. Lakini akifariki, akidaiwa mahakamani au akikosana na mkewe, gari ni lake mbele ya sheria na magunia ni yenu. Kikundi kikishasajiliwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii, ulizeni namna ya kuliandika kwa jina la kikundi. Makubaliano ya ndani yaandikwe na kushuhudiwa na mwenyekiti wa LC1 na kiongozi wa wakimbizi wa eneo lenu, nakala moja ibaki ofisi ya kamanda wa makazi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na inalipwa kabla ya safari ya kwanza, si baada ya mauzo ya kwanza.

Breki kabla ya injini

Kila mtu anataka kusikia injini kwanza. Lakini injini mbovu itawalaza njiani tu. Breki mbovu kwenye mteremko, gari likiwa na tani moja ya mahindi na vijana wanne juu ya magunia, ni misiba katika nyumba tano.

Gari lililoegeshwa muda mrefu lina ugonjwa wake. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani. Unyevu huo huleta kutu ndani ya masta silinda na ndani ya silinda ndogo za magurudumu. Siku breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, maji yaliyomo huchemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na pedali inazama hadi sakafuni. Kwa hiyo mafuta yote ya zamani yamwagwe. Wekeni mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa iliyofunguliwa mbele yenu. Fundi akitaka kuongeza oili ya injini au ya usukani kwa muda, mkataeni. Oili hizo huvimbisha mipira ya breki, na mfumo mzima utabidi ufunguliwe.

Mipira laini inayopeleka mafuta kwenye magurudumu ipindwe kwa mkono. Ukiona nyufa, badilisheni yote, si mmoja. Nyuma kuna ngoma za breki. Zifunguliwe zote mbili. Mkikuta liningi zimeloa oili, chanzo ni sili ya ekseli iliyochoka au silinda ya gurudumu inayovuja. Rekebisheni chanzo, kisha nunueni liningi mpya. Liningi iliyonywa oili haioshwi kwa petroli ikapona, ingawa itaonekana kavu siku ya kwanza.

Breki ya mkono kwenye gari hizi ina tatizo linalojulikana: vyuma vidogo vya kona vilivyo nyuma ya kila ngoma hushikwa na kutu na matope, visirudi. Vinaweza kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi kwa gharama ndogo. Fanyeni hivyo, kwa sababu pikapu inayopakiwa mlimani ikizuiwa kwa jiwe chini ya gurudumu haijazuiwa.

Sasa jaribio la dakika moja ambalo mwanachama yeyote anaweza kufanya. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Acha mguu hapo, washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, busta ya breki haipati msaada wake. Injini ya dizeli ya aina hii inategemea pampu maalumu ya kuvuta hewa kwa ajili ya busta, na mpira wa hewa uliopasuka unatosha kuifanya breki iwe ngumu kama kukanyaga ukuta. Kwa sababu hiyo hiyo dereva asizime injini kwenye mteremko ili kuokoa dizeli. Tunajua wapo wanaofanya hivyo.

Matairi ya gari la jeshi hudanganya. Kashata zake huonekana nzima kwa sababu halikutembea sana, lakini mpira umezeeka juani. Ubavuni kuna tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lenye nyufa ndogo ndogo ubavuni halibebi mzigo, hata kama kashata ni ndefu.

Na tafadhali, angalieni ringi. Pikapu nyingi za zamani za aina hii zina ringi ya vipande, ambapo duara la chuma linalishika tairi mahali pake. Duara hilo likiwa na kutu au halijakaa vizuri, linaweza kuruka wakati tairi linajazwa upepo, na limewahi kuua watu katika kazi hii. Upepo utolewe wote kabla ya kufungua chochote. Wakati wa kujaza, tairi liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu, na asisimame mtu mbele yake, watoto hasa. Mkiweza kununua ringi za kipande kimoja, nunueni. Hiyo tunaiweka juu ya redio, juu ya turubai, juu ya rangi ya pili.

Usukani upimwe gari likiwa limeinuliwa mbele na kukaa juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, litikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini unaelekeza kwenye beringi za gurudumu au za nakali. Wa kushoto na kulia kwenye viungo vya usukani. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna mpira mkubwa wa chuma unaogeuka. Ukitoka uji mweusi mwembamba hapo, oili ya difu imepita sili ya ndani na kuyeyusha grisi. Si dharura ya leo, lakini beringi zake hazitadumu msimu.

Mkanda usioonekana

Mbele ya injini ya 1HZ, ndani ya kifuniko, kuna mkanda wa mpira wenye meno unaozungusha shafti ya vali. Huu ndio mkanda wa taimingi. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, vali hugongana na pistoni, na matengenezo ya siku moja yanageuka kuwa kazi ya kufungua silinda hedi. Magari mengi ya aina hii yana taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT. Taa hiyo huzimwa kwa mkono baada ya mkanda kubadilishwa, au bila kubadilishwa. Kama hamna ushahidi wa maandishi kuhusu lini mkanda ulibadilishwa, ubadilisheni, pamoja na tenshona yake.

Msitegemee mita ya kilomita. Gari la jeshi linaweza kukaa limesimama saa nyingi injini ikiunguruma, kwa ajili ya redio au doria, na mita haihesabu saa. Kilomita chache si lazima ziwe kazi chache.

Injini ikiwa na joto, fungueni kifuniko cha kuwekea oili huku inaunguruma. Moshi kidogo ni kawaida ya uzee. Moshi unaopuliza kwa nguvu kama bomba la jiko maana yake mgandamizo unapita kwenye ringi za pistoni. Hapo fundi apime mgandamizo wa kila silinda kabla hamjatumia shilingi nyingine. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Kwenye rejeta, na hii ifanywe injini ikiwa baridi kabisa, mapovu yasiyokoma baada ya kuwasha huonyesha kwamba gasketi ya hedi au hedi yenyewe ina tatizo. Maji ya kisima katika baadhi ya maeneo yetu yana chumvi na huacha magamba kwenye rejeta. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa pamoja na kuulanti.

Rangi ya moshi wa nyuma ni barua fupi. Mweusi: dizeli nyingi kuliko hewa, anzeni na filta ya hewa. Bluu: oili inaungua. Mweupe asubuhi na kuisha haraka: plagi za kupashia joto zimechoka. Mweupe usioisha na maji ya rejeta yanapungua: rudini kwenye ile gasketi.

Giaboksi na difu mbili nazo zina oili ambayo labda haijaguswa miaka. Gari lililovuka mito huweza kuwa na maji humo. Fundi afungue kwanza nati ya kujazia, ndipo ile ya kumwagia. Akianza na ya chini, na ya juu ikakataa kufunguka, mtabaki na difu tupu na gari lisilotembea.

Dizeli ya barabarani

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo vikundi hupoteza pesa taratibu bila kuona.

Tangi lililokaa nusu tupu kwa muda mrefu hukusanya maji, kwa sababu hewa yenye unyevu huingia na kupoa usiku. Maji hukaa chini ya dizeli, na kati ya hivyo viwili huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi kama makamasi. Gari hutembea vizuri kwenye tambarare, likipanda mlima linakata pumzi, kwa sababu utelezi umevutwa hadi kwenye filta. Fundi asiye makini atasema pampu imekufa. Pampu ni ya bei kubwa, na hakuna aliyeijaribu.

Anzeni chini. Mwageni tangi lote kupitia nati yake ya chini, kwenye vyombo safi, mahali pasipo moto wala sigara. Msimwage mafuta hayo kwenye udongo karibu na kisima au bustani. Yakusanyeni mkayapeleke gereji. Tangi lisafishwe, mipira ya dizeli iliyopasuka ibadilishwe, filta mpya iwekwe, na filta ya pili inunuliwe kabisa na kuwekwa chini ya kiti, maana uchafu uliobaki utaijaza ile ya kwanza mapema. Chini ya filta kuna kizibo cha kutolea maji. Dereva akifungue kidogo kila wiki mpaka dizeli safi itoke.

Baada ya kubadilisha filta, hewa imeingia kwenye mfumo, na injini ya dizeli yenye hewa haiwaki. Juu ya filta kuna pampu ndogo ya mkono. Isukumeni mpaka iwe ngumu. Ikikataa bado, fundi hulegeza nati za mabomba kwenye noseli huku stata ikizungushwa, mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha anakaza. Mkono wa mtu usikaribie kamwe dizeli inayoruka kutoka kwenye noseli. Shinikizo lake hutoboa ngozi, na kidonda kidogo kama cha sindano kinaweza kumgharimu mtu kidole. Atakayepatwa na hilo aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama haumii. Na ile dawa ya kopo ya kupuliza ili gari liwake isitumike kwenye injini yenye plagi za joto. Inaweza kulipuka ndani ya bomba la hewa.

Mwisho wa habari ya dizeli ni mahali pa kuinunua. Dizeli ya jerikeni kando ya barabara mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Injini itawaka. Lakini pampu ya dizeli ya gari hili inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Mnachookoa kwa lita mtakilipa kwenye pampu. Kama hakuna kituo karibu, nunueni mjini siku ya soko, muihifadhi kwenye jerikeni safi, muiache itulie usiku kucha, na msimimine tone la chini kabisa.

Nyaya za redio na volti 24

Gari la jeshi huja na nyaya nyingi za vitu ambavyo havipo tena. Nyaya zilizokatwa na kuachwa zikining'inia zinaweza kuwasha moto. Fundi umeme afuate kila waya hadi mwisho wake, na ule usio na kazi autoe wote badala ya kuufunga kwa utepe. Baadhi ya magari ya kijeshi yana pia swichi ya kuzima taa zote kwa ajili ya mwendo wa kificho. Taa zikikataa, itafuteni swichi hiyo kabla ya kununua balbu.

Fungueni boneti mhesabu betri. Zikiwa mbili, angalieni waya unaoziunganisha. Chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ni volti 12. Chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine ni volti 24, na hapo balbu, stata na altaneta vyote lazima viwe vya volti 24. Kosa la kawaida ni kuchaji simu au kuweka redio ya volti 12 kwa kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Moja itachoka, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Kifaa cha kushusha volti kipo madukani na ni nafuu kuliko betri. Betri mbili zinunuliwe pamoja, za aina moja.

Nani anakwenda kununua spea

Spea za Land Cruiser zinapatikana Mbarara, na chaguo ni kubwa zaidi Kisekka, Kampala. Bandia nazo zipo. Peleka kile kilichotolewa, ulinganishe uzito, meno na namba. Kwa mkanda wa taimingi, beringi na vipuri vya breki, lipieni vyema. Kwa taa ya pembeni au mpini wa mlango, cha mtumba kinatosha.

Waende watu wawili, na mmoja asiwe rafiki wa fundi. Risiti zirudi kwa mweka hazina na kusomwa mkutanoni kwa sauti. Kila kilichotolewa kwenye gari kirudi kwa kikundi, hata kama ni chuma tu. Fundi mzuri hatachukia kuulizwa. Jambo hili hulinda kikundi kuliko ufundi wowote, hasa kikundi chenye wakimbizi na wenyeji pamoja, ambapo gari likisimama wiki mbili tayari kuna anayesema upande mwingine umekula pesa.

Mzigo na safari za mwanzo

Pikapu hii hubeba takriban tani moja, na kipimo chake kamili kiko kwenye kibao cha gari. Tani moja ni magunia 10 ya kilo 100; dereva na abiria nao ni uzito wa kuhesabu. Mtaona wengine wakipakia 20. Springi za nyuma za vipande zitavumilia, kwa hiyo gari litaonekana limeweza. Breki hazikutengenezwa kwa uzito huo, na chesisi yenye ufa mdogo pale kitako cha bunduki kilipochomelewa itaendelea kupasuka chini ya rangi yenu mpya. Muwe na hesabu tangu mwanzo: wanachama 20 wenye magunia 5 kila mmoja ni magunia 100, yaani safari 10. Dizeli ya safari hizo 10, mshahara wa dereva na akiba ya matairi vigawanywe kwa gunia kabla ya kutangaza bei. Kikundi kinachotangaza bei ya chini kuliko wenye magari wa sokoni bila hesabu hiyo kinakula gari lake.

Dereva awe mmoja, mwenye leseni, na msaidizi mmoja anayejulikana. Ndani ya gari kuwe na daftari: tarehe, kilomita, dizeli iliyowekwa, oili iliyoongezwa, mzigo, sauti ngeni iliyosikika. Oili ipimwe kila asubuhi gari likiwa limesimama pa tambarare.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo, mpaka mjini na kurudi, mchana. Safari ya pili magunia 5. Baada ya kilomita 50 hadi 100, simameni mkaze upya nati za magurudumu yote na yubolti za springi, maana kila kilichofunguliwa gereji hulegea kidogo kinapoanza kazi. Shikeni kitovu cha kila gurudumu kwa nyuma ya kiganja, taratibu, bila kukikamata. Kimoja kikiwa na joto kali kuliko wenzake, breki yake inashika au beringi imekazwa mno, na gari lirudi gereji siku hiyo hiyo, kabla ya magunia 10 ya kwanza.